Mama kavunjika nyonga, tufanyeje? Maswali yenu kuhusu mifupa ya wazee

Toleo lililopita tuliongelea wazee kuanguka majumbani, na tangu hapo maswali yamemiminika kweli, karibu yote ni ya nyonga. Nimechagua machache yanayowakilisha mengine. Safari hii nitajibu kwa kutumia tafiti zenyewe, zile ambazo wazee wenyewe walikubali kushiriki, maana naona familia nyingi zinaamua mambo makubwa kwa kusikia tu, shangazi kasema hivi jirani kasema vile, mpaka ng'ombe anauzwa kulipia kitu ambacho hakiongezi faida yoyote alafu kile cha muhimu kinakosa hela.

Dokta habari. Mama yangu ana miaka 78, juzi usiku aliamka kwenda chooni akateleza. Hawezi kusimama, mguu wa kulia umekuwa kama mfupi na unyayo umegeukia nje. Picha imeonyesha nyonga imevunjika. Hospitali wanasema operesheni ila tusubiri nafasi, wajomba wanasema mama mzee mno hatavumilia kisu, bora arudi nyumbani tumtafutie fundi wa mifupa. Nipo njia panda. (Msomaji, Morogoro)

Pole sana dada. Huo mguu ulivyouelezea, mfupi na unyayo umelala nje, ndo alama yenyewe hata kabla ya picha. Niseme mapema kabisa: usimrudishe nyumbani. Mafundi wa mifupa nawaheshimu, ila nyonga ni habari nyingine, pale hakuna banzi litakalofungwa likashika maana mfupa upo ndani kabisa chini ya nyama za paja na makalio, na kama umevunjika shingoni, yaani pale chini kidogo ya kichwa cha mfupa wa paja, basi ile mishipa midogo ya damu inayopanda kulisha kichwa nayo mara nyingi inakatika, kichwa kinakosa damu, unaweza kusubiri mwaka mzima na kisiunge.

Sasa hilo la uzee. Wajomba wanaogopa kisu, naelewa, ila ambacho hawakioni ni kitanda. Mzee aliyelala chali bila kugeuka, ndani ya siku chache tu ngozi ya makalio na visigino inabadilika rangi, kisha inakuwa kidonda, mapafu yanajaa makohozi anapata nimonia, damu inaganda miguuni, mkojo unapata maambukizi, misuli inaisha, chakula hakipandi kwa sababu ya maumivu, na ikifika usiku anaanza kuongea na watu ambao hawapo. Hayo ndo yanayoua. Hata nchi zenye hospitali nzuri, kati ya wazee 10 wanaovunjika nyonga 2 au 3 hivi huwa wamefariki kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo hili sio jambo la kusema ni uzee tu litapita. Operesheni hapa kazi yake kubwa ni kumtoa mama kitandani na kumuondolea maumivu, hilo waelezeni wajomba hivo hivo.

Kuhusu kusubiri, kuna utafiti mkubwa unaitwa HIP ATTACK, uliongozwa kutoka Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada, matokeo yakatoka mwaka 2020. Waliingia wagonjwa 2,970 katika hospitali 69 za nchi 17, India ikiwemo. Kundi moja walipasuliwa haraka sana, kama saa 6 tangu igundulike nyonga imevunjika, kundi la pili wakafuata utaratibu wa kawaida, kama saa 24. Baada ya siku 90 waliofariki walikuwa asilimia 9 kwa wale wa haraka na asilimia 10 kwa wale wa kawaida, yaani kitakwimu hakuna tofauti. Kuna watu wakisoma hapo wanasema kumbe kuchelewa hakuna neno. Hapana jamani, someni vizuri, kawaida ya wenzetu ni saa 24! Hakuna mtu aliyelinganisha saa 6 na wiki mbili za kulala wodini. Na hata hizo saa chache zilisaidia, waliochanganyikiwa akili baada ya operesheni walikuwa asilimia 9 dhidi ya 12, maambukizi ya mkojo yalipungua, maumivu yalipungua, wakasimama mapema na kutoka hospitali mapema. Uingereza wao wamejiwekea saa 36 tangu mgonjwa afike, hospitali ikifanikisha hilo pamoja na masharti mengine inapata malipo ya nyongeza.

Kwa hiyo leo hii nenda kamuulize daktari wa wodi swali moja: kinachotuzuia ni nini hasa? Maana "subirini nafasi" inaweza kuwa thieta imejaa, inaweza kuwa chuma cha kuwekewa nyongani hakijalipiwa, inaweza kuwa anatumia dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, inaweza kuwa presha imepanda na daktari wa usingizi hata hajaja kumuona. Kila moja ina ufumbuzi wake, na nyingine zinafumbuliwa siku hiyo hiyo familia ikijua.

Wakati mnasubiri: ombeni kama kuna uwezekano wa sindano ya ganzi pale kinenani, ile inapunguza maumivu ya nyonga vizuri sana na tafiti zilizokusanywa zinaonyesha inapunguza pia kuchanganyikiwa. Dawa za maumivu apewe kwa saa zake, msisubiri mpaka alie. Wekeni mto chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee visiguse godoro. Mpelekeeni miwani yake. Na kile kitendo cha kumnyima chakula tangu usiku, alafu saa 9 alasiri mnaambiwa operesheni imeahirishwa, kesho yake tena hivo hivo, hapo msikae kimya, akiahirishwa ale na anywe palepale. Kama amefungiwa uzito mguuni eti kupunguza maumivu akisubiri operesheni, jueni kwamba tafiti zilizolinganisha hazikuona faida yake, bora hiyo ganzi.

Baba yetu ana miaka 81 na presha. Tunasikia nusu kaputi inaua wazee, eti bora sindano ya mgongo. Daktari wa usingizi anataka kumpa nusu kaputi. Tugome? (Ndugu watatu, Tanga)

Msigome. Hili swali madaktari wenyewe wamebishana miaka mingi, wengi wakiamini kama nyinyi kwamba sindano ya mgongo ni salama zaidi kwa mzee, mpaka likapimwa. Utafiti unaitwa REGAIN, ulitoka 2021, watu 1,600 wenye miaka 50 na kuendelea katika hospitali 46 za Marekani na Kanada, nusu sindano ya mgongo nusu usingizi kamili, yaani hiyo nusu kaputi. Baada ya siku 60 wakahesabu waliofariki pamoja na walioshindwa kutembea hatua chache bila kushikwa na mtu: asilimia 18.5 kwa sindano ya mgongo, 18.0 kwa usingizi kamili. Kuchanganyikiwa akili je, maana hicho ndo watu wanakiogopa zaidi kwenye nusu kaputi? Asilimia 20.5 na 19.7. China nako walifanya wa kwao wakiangalia huko kuchanganyikiwa, wazee 950, nao hawakuona tofauti.

Mimi majibu ya "hakuna tofauti" nayapenda sana, na naomba mjifunze kuyapenda. Maana yake mzigo umeondoka mabegani kwenu. Muacheni daktari wa usingizi achague ile anayoimudu zaidi na inayoendana na moyo na mgongo wa baba, nyinyi nguvu zenu pelekeni kwenye kuhakikisha anapasuliwa mapema.

Tumeambiwa tulete wachangia damu, tumepata mmoja tu. Shemeji anasema bila damu nyingi mzee hapati nguvu. (Dodoma)

Mchango wenu wa damu ni muhimu, benki ya damu inajazwa na watu kama nyinyi, endeleeni kutafuta. Ila hofu ya shemeji ipungue. Utafiti wa FOCUS wa mwaka 2011 ulichukua wagonjwa 2,016 wa nyonga waliokuwa na ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata, kundi moja likaongezewa damu kila kipimo cha wingi wa damu (himoglobini) kikishuka chini ya 10, la pili wakasubiri mpaka chini ya 8 au mgonjwa aonyeshe dalili. Siku ya 60 makundi yote yalikuwa sawa kwa vifo na kwa uwezo wa kutembea. Kwa hiyo daktari akisema damu ya mzee ni 9 na hamuongezei kwa sasa, hajamtelekeza.

Dokta, daktari bingwa ametupa chaguo mbili kwa mama (74), kuwekewa nusu nyonga ya bandia au nyonga nzima. Nzima ni ghali zaidi, tunafikiria kuuza kiwanja. Mama kabla ya kuanguka alikuwa anaenda sokoni mwenyewe. (Kaka mkubwa, Mwanza)

Kaka, kiwanja kisubiri kwanza. Nusu maana yake wanabadilisha kile kichwa cha mfupa tu, nzima wanabadilisha kichwa pamoja na kikombe chake kwenye nyonga. Wengi waliamini nzima lazima iwe bora kwa mzee anayejiweza kama mama. Ndo ukaja utafiti wa HEALTH, 2019, wagonjwa 1,495 kutoka nchi 10, wote walikuwa wanatembea wenyewe kabla ya kuvunjika. Waliorudishwa thieta ndani ya miaka 2 ni asilimia 7.9 kwa nyonga nzima na 8.3 kwa nusu. Wenye nyonga nzima walijisikia vizuri kidogo zaidi kwenye maumivu na kutembea, ila ni kidogo mno, na madhara makubwa hayakuwa machache kwao.

Ushauri wangu, kama kuuza kiwanja ndo njia pekee, chukueni nusu na hela nyingine itumike kwenye mazoezi baada ya operesheni, na chakula, na mtu wa kukaa naye miezi ya mwanzo. Kama bima inalipa yote na daktari ana mazoea ya kuweka nyonga nzima, basi mzungumze naye, mama kama huyo anaweza kufaidika kwa miaka ijayo. Mazoezi nayasisitiza kwa sababu nimeona familia imelipa kila kitu alafu mgonjwa anabaki kitandani siku 5 "apumzike". Kesho yake baada ya operesheni, kama hali yake inaruhusu, mama anatakiwa akalishwe ukingoni mwa kitanda, miguu iguse sakafu, atulie kidogo kizunguzungu kiishe, alafu asimame na woka (fremu ya kutembelea), mtu mmoja kila upande, akanyage mguu wote kadri anavyovumilia. Ataogopa na atawaambia mfupa utaachia. Mfupa ule umetengenezwa ubebe uzito siku hiyo hiyo, labda daktari aliyempasua aseme vingine kwa sababu maalum.

Shikamoo dokta. Bibi yangu amelazwa kavunjika nyonga, leo amekuja nesi na karatasi anasema kuna utafiti, wanalinganisha matibabu aina mbili na kompyuta ndo itachagua bibi aingie kundi gani. Mama amekasirika sana, anasema bibi sio panya wa maabara. (Mjukuu, Dar)

Marahaba mjukuu wangu. Hasira za mama nazielewa, mtu mzima ana maumivu, familia haijalala, unaletewa karatasi kurasa 6 usaini. Ila hebu nikuelezeni hizi tafiti za nyonga zinavyokuwa kabla hamjakataa au kukubali.

Nyingi hazimpi mgonjwa kitu kipya ambacho hakijawahi kutumika. Chukua mfano wa Uingereza. Kule madaktari walikuwa wanaweka nusu nyonga kwa njia mbili, wengine wanashikiza kwa saruji ya mifupa, wengine wanagongelea kavu bila saruji. Waliokuwa wanaikimbia saruji walikuwa na sababu, kuna wagonjwa presha inashuka ghafla ile saruji inapoingizwa. Waliokuwa wanaitumia nao walikuwa na sababu, bila saruji mfupa wa mzee unaweza kupasuka tena. Miaka imeenda, kila hospitali na imani yake, na mzee anapata kile ambacho daktari wa zamu anakipenda! Mpaka wazee 1,225 wenye miaka 60 na kuendelea wakakubali kuingia kwenye utafiti wa WHiTE 5, matokeo yakatoka 2022: miezi 4 baadaye wenye saruji walikuwa na maisha bora zaidi, na mfupa uliozunguka chuma ulipasuka kwa asilimia 0.5 tu dhidi ya 2.1 kwa wasio na saruji, na vifo havikuongezeka. Leo ukimuuliza daktari saruji au kavu, ana jibu, na jibu hilo limetolewa na wale wazee.

Sasa kwa nini kompyuta? Kwa sababu daktari akichagua mwenyewe, hata bila kukusudia wale wenye nguvu atawapeleka kundi moja na wale dhaifu lingine, mwisho wa siku hujui kilichosaidia ni matibabu au ni nguvu za mgonjwa. Kompyuta inafanya kama kurusha shilingi, hakuna anayependelewa wala kuonewa.

Kuna jingine linaniuma. Kwa muda mrefu wazee sana na wenye matatizo ya kumbukumbu wamekuwa wakiachwa nje ya tafiti kwa sababu wanachukua muda na kuwafuatilia ni kazi, alafu matokeo ya watu wenye nguvu ndo yanatumika kuwatibu wao. Na tafiti nyingi nilizowatajia leo zimeegemea sana Kanada, Marekani, Ulaya, sehemu ambako mgonjwa anafika hospitali siku hiyo hiyo. Kuna watafiti wamefuatilia nyonga za wazee kule Gambia, Zimbabwe na Afrika Kusini na hilo ni jambo jema sana, ila bado tunahitaji nyingi zaidi, na za hapa kwetu, kwa wagonjwa wanaofika kwa bodaboda baada ya siku 4.

Ila usisaini kwa sababu mimi nimesema. Muulize huyo nesi: utafiti una kibali cha NIMR, ile taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa? Bibi asiposhiriki angepewa matibabu gani, na yatapungua? Akipata madhara nani analipa? Anaweza kujitoa katikati bila kusemwa? Watampigia simu au kumtembelea kwa muda gani? Na kubwa kuliko yote, bibi mwenyewe ameulizwa? Kama akili yake imetulia yeye ndo anaamua, sio mama wala wewe. Kama amechanganyikiwa kwa maumivu na mmesaini nyinyi, aulizwe tena akitulia. Mtafiti mzuri hakasiriki kwa maswali haya, akianza kuwaharakisha rudisheni karatasi.

Babu ana miaka 92, alishapoteza kumbukumbu muda mrefu na hatembei tangu mwaka jana. Ameanguka kitandani, nyonga imevunjika. Ni lazima apasuliwe? (Mombasa)

Poleni sana. Sio lazima, na kuamua asipasuliwe sio kumtupa. Uholanzi walifanya utafiti wa FRAIL-HIP, matokeo 2022, kwa wazee dhaifu sana wanaoishi kwenye nyumba za kulelea wazee. Wao hawakurusha shilingi, familia na daktari walikaa wakaongea, 88 wakachagua kutopasuliwa na 84 wakapasuliwa. Waliochagua kutopasuliwa wengi wao walifariki ndani ya mwezi, hilo mlijue wazi, ila ubora wa siku zao haukuwa mbaya kuliko wa waliopasuliwa, na ndugu waliridhika na uamuzi. Sharti lake ni maumivu yadhibitiwe kikamilifu, dawa kali za maumivu kama mofini zipatikane na mtu wa huduma ya shufaa, yaani ya kumtuliza mgonjwa asiyepona, afuatilie. Kama hizo dawa hazipo basi mizani inageuka, operesheni inaweza kuwa ndo njia pekee ya kumtuliza. Kaeni na daktari, mwambieni babu alikuwa mtu wa namna gani na angependa nini.

Mama alipasuliwa vizuri miezi 2 iliyopita, sasa anatembea na fimbo. Kuna haja ya dawa zaidi? Jirani anatushauri sindano moja kubwa ya vitamini D kila mwaka. (Arusha)

Hongereni kwa fimbo! Na swali hili ndo familia nyingi hazilileti kabisa, mtu akishatembea faili linafungwa. Nyonga iliyovunjika kwa kuteleza tu chumbani inakwambia mifupa yote ni dhaifu, ya upande wa pili inaweza kufuata.

Hiyo dozi kubwa ya vitamini D mara moja kwa mwaka, hapana. Australia walijaribu kwa wanawake 2,256 wenye miaka 70 na kuendelea, yuniti 500,000 kwa mpigo kila mwaka, matokeo ya 2010 yakashangaza wengi: waliopewa walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko wasiopewa. Kama amepungukiwa vitamini D apewe dozi ndogo ndogo za kila siku au kila wiki.

Dawa ya kuulizia inaitwa zoledroniki, ni dripu mara moja kwa mwaka. Mwaka 2007 ilipimwa kwa wagonjwa 2,127 waliotoka kupasuliwa nyonga, ndani ya siku 90 za operesheni, na waliovunjika tena walikuwa asilimia 8.6 dhidi ya 13.9 kwa waliopewa dripu isiyo na dawa. Waliofariki nao walipungua, 9.6 dhidi ya 13.3. Kwa hiyo miezi 2 mama bado yupo ndani ya muda ule ule. Kabla hajapewa apimwe figo maana figo zikiwa dhaifu sana haifai, kalisiamu na vitamini D ziwe sawa, na kama ana jino bovu la kung'oa litangulie.

Chakula nacho msikidharau. Australia hiyo hiyo, utafiti wa 2021, nyumba za wazee 60 zenye wakazi 7,195, nusu ya nyumba ziliongezewa maziwa, mtindi na jibini tu, hakuna dawa, na kuvunjika nyonga kukapungua kwa asilimia 46 ukilinganisha na nyumba zilizobaki na chakula chao cha kawaida. Mama kama maziwa fresh yanamjaza gesi, mtindi glasi moja asubuhi na nyingine jioni, dagaa wa kuliwa na mifupa yao, na yai au maharage kwenye kila mlo maana wale wazee waliongezeka protini pia, sio kalisiamu peke yake.